Jangwa la Barafu

Kabla hajaitwa Mama Barafu, alikuwa mwalimu wa jiografia kama walimu wengine wa jiografia. Alikuwa na ramani moja iliyochanika katikati ya bahari, tufe lililogoma kuzunguka kwa sababu ya kutu, na sauti inayofika dawati la mwisho bila kupazwa. Alifundisha milima ambayo hajaipanda na mito ambayo hajaivuka, na hakuna aliyemwita mwongo. Ndivyo kazi ilivyo. Mwalimu wa jiografia akisubiri kwanza afike kila mahali anapopafundisha, shule zitafungwa.

Mumewe alikuwa fundi wa mafriji. Mtaa mzima ulilikumbuka hilo kwa vicheko siku habari zilipotoka kwamba mwalimu amechaguliwa kwenda kwenye bara la barafu, huko mwisho wa dunia upande wa kusini. "Mama amechoka na friji za fundi," walisema, "sasa anafuata kiwandani." Fundi alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuwaza baadaye, na mkewe kinyume chake, ndiyo maana nyumba yao ilikuwa na utulivu.

Mpango wenyewe ulikuwa wa watafiti. Walikuwa wamechoka kuandika mambo yanayosomwa na watafiti wenzao tu, wakaamua kwamba kila safari watachukua mwalimu mmoja wa shule ya kawaida, wamtie kazini pamoja nao, kisha arudi akawafundishe watoto alichokiona kwa macho yake. Wazo zuri, nani atakataa? Yeye aliomba kama mtu anavyojaribu bahati huku akili iko kwenye mboga ya jioni. Walipompigia simu kumwambia kwamba amepita, aliwauliza mara mbili kama hawajakosea shule.

Akaenda. Meli ilimtapisha mpaka tumboni hakukubaki kitu isipokuwa majuto. Halafu ndege ndogo yenye miguu ya kuteleza ikampeleka ndani ya bara lenyewe, juu kabisa, kwenye kambi ya mahema. Huko watu walikuwa wakitoboa barafu kwa mashine ndefu na kutoa vipande vya mviringo, kama mtu anayetoa uboho kwenye mfupa. Kazi ya mwalimu ilikuwa kubeba vipande hivyo, kuvifunga, kuyeyusha theluji ya kunywa na kuosha vyombo. Vyombo hakuvilalamikia. Alikuwa ameviosha maisha yake yote, tofauti ni kwamba hapa maji ya kuoshea yalianza yakiwa magumu kama mawe.

Kiongozi wa watoboaji alikuwa mama wa makamo, mfupi, mcheshi, mikono imekakamaa kama ya seremala. Siku moja upepo ulivuma, theluji ikawa inapita mbele ya hema kama unga uliomwagika, huoni hata mkono wako. Mwalimu akasema, kwa uhakika wa kitabu alichokifundisha miaka yote, kwamba kweli huku theluji huanguka kila siku. Yule mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Akamweleza kwamba ile haikuanguka leo wala jana. Ni theluji kuukuu inayohamishwa na upepo kutoka hapa kwenda pale, na kinachoanguka kipya kwa mwaka mzima pale walipokaa ni kidogo kuliko mvua ya majangwa mengi ya mchanga.

"Umekuja jangwani, mwalimu," alimwambia. "Kunywa maji."

Mwalimu hakuamini kwa masikio, aliamini kwa ngozi. Midomo ilipasuka. Pua ikatoka damu. Kila alipogusa chuma, cheche ilimruka kidoleni kwa ukavu wa hewa. Asubuhi aliamka ulimi umeganda kwenye meno, akatoka nje, akasimama juu ya maji mengi kuliko aliyowahi kuyaona, yote yameganda, na hana tone la kunywa mpaka awashe jiko. Hapo ndipo alipoielewa jiografia kwa mara ya kwanza tangu aanze kuifundisha. Alikaa chini akalia kidogo kwa furaha, na hilo tu ndilo jambo ambalo hakuja kumwambia mtu.

Aliporudi, shule ilimpokea kama bibi harusi. Mkuu wa shule, mzee nadhifu mwenye suti ya mikutano na suti ya siku nyingine, alitundika ofisini picha ya mwalimu akiwa amevaa koti jekundu lililomfanya aonekane pipa. Kila mgeni aliyekuja, hata aliyeleta chaki, alioneshwa picha ile. Mwalimu wa hesabu, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, ndiye aliyembatiza jina la Mama Barafu, na kufikia mchana lilikuwa limeshika kila mahali mpaka jikoni. Mkuu akampa kipindi cha Ijumaa cha darasa la mtihani kiwe cha barafu. "Fundisha, mwalimu," alisema. "Wewe umefika. Sisi wengine ni wa kusoma tu."

Mama Barafu alifundisha. Fundi alimtengenezea friza iliyokufa, akaibeba mwenyewe mgongoni hadi darasani huku akiwaambia watoto kwamba yeye ndiye mtafiti mkuu na yule pale ni msaidizi wake. Kila siku mwalimu alimimina humo maji kidogo yagande, na juu yake akanyunyiza kitu: leo majivu, kesho vumbi la chaki, keshokutwa mchanga mwekundu, siku nyingine hakuna kitu. Ilipojaa, watoto waliitoboa kwa kipande cha bomba, wakazungusha kwa zamu mpaka viganja vikawa vyekundu, wakatoa mche wa barafu wenye mistari. Kila mstari ni mwaka, aliwaambia. Haya, nisomeeni. Ni mwaka gani mlima ulilipuka ukamwaga majivu?

Aliyeusoma wa kwanza alikuwa msichana ambaye walimu wote walimwita Kwanini, na si kwa kumsifu. Mwalimu wa hesabu alidai kwamba ukimwambia Kwanini mbili na mbili ni nne, atataka kujua nani aliyezipeleka pamoja. Baba hakuwepo. Mama yake alifua mashuka hospitalini, na aliishi kwa tumaini moja tu, kwamba binti apate alama za kuchukuliwa na shule ya bweni ya sayansi. Akizikosa, atarudia mwaka, na akizikosa tena basi, hakuna mara ya tatu.

Ijumaa moja Mama Barafu aliwasimulia kwamba ile barafu ya kale ina vipovu vya hewa ndani yake. Ukitumbukiza kipande kwenye kikombe cha maji, kinalia pa, pa, pa, kwa sababu hewa iliyofungwa humo tangu zamani sana inatoka. Darasa likacheka kwa ile pa, pa, pa. Kwanini hakucheka.

"Mwalimu, hiyo hewa, aliyeivuta mara ya mwisho ni nani?"

Mama Barafu alisimama na chaki mkononi. Kule kambini, kati ya wasomi wote wale, hakuna aliyeuliza hivyo. "Sijui, mwanangu," alisema. "Labda mnyama. Labda hakuna aliyewahi kuivuta."

"Basi wewe ulikuwa wa kwanza."

Siku hiyo Mama Barafu alitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyepandishwa cheo. Alimwambia mumewe kwamba kutapika kote kule kwenye meli, na kuosha vyombo kote, kumelipwa. Fundi alikuwa amelala chini ya friji ya jirani, miguu tu ndiyo inaonekana. "Mimi nilijua," miguu ile ikajibu. "Huyo mtoto ataharibu kazi ya watu siku moja."

Mama yake Kwanini alikuja shuleni akiwa bado na harufu ya dawa ya kufulia. "Shikamoo, mwalimu. Samahani kwa kukusumbua. Huyu mtoto nyumbani ni barafu, barafu, mpaka nasikia baridi. Nauliza tu, hayo mambo yatamsaidia kwenye mtihani?"

"Marahaba, mama. Yatamsaidia," alisema Mama Barafu. "Mada ya ncha za dunia imo. Na yeye ataijibu kuliko mtoto yeyote, kwa sababu wengine watakuwa wamekariri, yeye ameelewa."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa. Laiti angekuwa mvivu wa kawaida, akawasomea kitabu kile chenye kurasa zilizolegea na kuwaambia wakariri, haya yote yasingetokea. Lakini alikuwa amepanda meli. Mtu aliyepanda meli kwenda kuona kitu hawezi tena kukisema kama hajakiona.

Mtihani ukaja. Watoto walitoka chumbani wakiruka. Swali la saba, walimwambia, lilikuwa letu! Lilisema: Eleza hali ya hewa ya bara la ncha ya kusini. Alama kumi, mwalimu, zote zetu! Kwanini peke yake ndiye aliyetembea polepole. Alisema ameandika mpaka nafasi ikaisha, na kwamba hata wenzake walioketi nyuma, wale wa kulala, wameandika. Mama Barafu aliwakumbatia mmoja mmoja. Tukiweka kando ule wakati wa kambini, sidhani kama aliwahi kuwa na siku nzuri kuliko hiyo.

Siku chache baadaye akaitwa kusahihisha. Mitihani ile ilisahihishwa kwa utaratibu ambao kila mwalimu anaujua na kila mwalimu anauchukia. Unafungiwa na wenzako kwenye ukumbi, na kila meza inapewa swali moja tu. Meza ya swali la kwanza inasahihisha la kwanza, inasukuma furushi kwa meza ya pili, nayo kwa ya tatu, mpaka mwisho. Husahihishi mtoto, unasahihisha kipande chake. Jina halimo, ila namba, kila furushi ni la chumba kimoja cha mtihani, na mafurushi ya shule zote yamechanganywa. Simu unaziacha mlangoni. Kalamu ni nyekundu, na mezani pamewekwa mwongozo wa kusahihishia, ambao hauguswi kwa kalamu wala kwa maoni.

Mwenyekiti wa meza ya saba alikuwa mkaguzi mstaafu, mtu wa sauti laini na kikohozi cha adabu. Alipomwona Mama Barafu aliinuka. "Wewe si ndiye uliyefika huko? Kaa hapa. Hili swali ni lako, nani atakushinda?" Wenzake mezani wakapiga makofi madogo. Mama Barafu akakaa, akauvuta mwongozo, akasoma.

Baridi kali. Sawa. Theluji nyingi huanguka mwaka mzima. Hapo akarudia kusoma. Hewa yenye unyevu mwingi. Na chini kabisa, kwa herufi nzito: Mtahiniwa akitaja jangwa au ukame asipewe alama yoyote katika swali hili, kwa kuwa atakuwa amechanganya na swali la sita kuhusu majangwa.

Kwanza alijipa moyo. Alisahihisha karatasi za wageni, watoto wa shule nyingine ambao wameandika kila kitu kama kitabu kilivyosema, na kila mmoja alimpa alama zake kumi zisizo za kweli. Kalamu ilikwenda vizuri tu. Ndipo furushi jingine likasukumwa mbele yake, akafungua ya juu, akasoma: "Bara hili ni jangwa. Unaweza kusimama juu ya maji ukashikwa na kiu."

Maneno yalikuwa yake. Akafungua nyingine. Jangwa. Nyingine. Cheche kidoleni, pua kutoka damu, theluji kuukuu inayohamishwa na upepo. Wale wa kulala nao, kwa mwandiko wa kuyumbayumba, jangwa, jangwa. Watoto hawa walikuwa wamemsikiliza. Katika miaka yake yote ya ualimu hajawahi kusikilizwa namna ile.

Akainuka na karatasi moja, akaenda kwa mwenyekiti. "Mzee, hapa mwongozo umekosea. Kule ndani ni jangwa kweli. Mimi mwenyewe nimelala pale."

Mwenyekiti aliisoma karatasi kwa utulivu, akakohoa. "Mimi nakuamini, mwalimu. Nani atakubishia? Lakini kumbi nyingine zinatumia mwongozo huu huu. Huyu nikimpa, na yule wa ukumbi mwingine aliyenyimwa nitamwambia nini?"

"Basi wote wapewe."

"Wameshasahihishwa. Mwongozo haubadiliki watu wakiwa na kalamu mkononi. Baada ya matokeo unaweza kutoa maoni." Akaigeuza ile karatasi, akavuta furushi lililobaki karibu yake, akafungua nyingine, na nyingine. Uso wake ukabadilika. "Ngoja kwanza. Mbona hawa wote wanasema jambo moja? 'Kusimama juu ya maji ukashikwa na kiu.' Na huyu pia. Na huyu." Akashusha sauti. "Hawa wamenakiliana, mwalimu. Chumba kizima. Hili ni la kuripoti. Zikiripotiwa, zinafutwa zote, masomo yote, si hili peke yake."

Hapa ningependa kusema kwamba Mama Barafu aligonga meza, akasema hawa ni wanafunzi wangu, niliwafundisha mimi, na walichoandika ni kweli. Ningependa sana. Lakini alijua kanuni kama alivyojua jina lake. Msahihishaji akikiri kwamba ametambua karatasi za wanafunzi wake, anatolewa ukumbini palepale na karatasi zinawekwa kando kwa uchunguzi. Na uchunguzi huo kila mwalimu anajua unakoishia, mtoto anakaa nyumbani mwaka akisubiri jibu. Akilini alimwona Kwanini kwenye kizingiti cha nyumba yao, anasubiri, na mama yake anakuja na kikapu cha mashuka. Mwalimu hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Hawajanakiliana, mzee," alisema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Ukitazama, kila mmoja kapanga kivyake. Nadhani ni mwalimu wao tu. Mwalimu wao aliwafundisha vibaya."

Mwenyekiti alifikiri, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kuna walimu," akasema. "Wanaharibu watoto wa watu."

"Wapo," alisema Mama Barafu.

Akarudi kwenye kiti chake, akaichukua kalamu nyekundu, akaanza kuandika sifuri. Moja baada ya nyingine. Alikuja kumsimulia mumewe kwamba mwandiko wa Kwanini aliutambua kabla hajasoma neno, kwa sababu mtoto yule alizoea kujaza ukurasa mpaka pembeni. Aliandika kuhusu jangwa na vipovu vya hewa. Aliandika kwamba haijulikani nani aliivuta mara ya mwisho. Lilikuwa jibu bora kuliko yote aliyowahi kuyasoma katika kazi yake, na alilipa sifuri, akasukuma furushi kwa meza ya nane.

Matokeo yalipotoka, darasa la Mama Barafu lilikuwa limeporomoka. Waliokuwa na alama nyingi za masomo mengine walipita kwa kuchechemea. Kwanini alikosa nafasi ya shule ya bweni kwa alama chache, hazifiki hata zile kumi za swali la saba. Mama yake alikuja shuleni, safari hii hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, akashika tama, kisha akaondoka. Mkuu wa shule aliiondoa ile picha ukutani. Pale pale alitundika kalenda. Kipindi cha Ijumaa kikawa cha hesabu, na friza ikahamishiwa kwenye duka la shule kupozea maji ya kuuza.

Usidhani alikaa tu. Alikwenda kwenye ofisi ya mitihani, akarudi, akaenda tena. Kijana wa dirishani alikuwa na heshima, akamweleza kwamba mwongozo unatokana na kitabu, na kitabu kitapitiwa wakati wake ukifika, na wakati wake haujulikani. Aliwapigia wale watafiti. Walifurahi mno kumsikia. Walitaka kujua amewafikia wanafunzi wangapi, na alipowatajia, walimpongeza na kumwambia kwamba anafanya kazi kubwa. Aliwashukuru. Aliiweka simu chini, akakaa kitandani na viatu.

"Acha nikuchemshie chai," fundi alisema.

"Sitaki chai. Nimemfelisha mtoto wa watu kwa mkono wangu mwenyewe."

Fundi safari hii hakupata cha kuchekea. Akakaa karibu naye, mikono ina grisi, hajui aiweke wapi. "Uliwaokoa wasifutiwe," alisema hatimaye.

"Niliwafundisha ukweli, halafu nikaupa sifuri. Hebu niambie hiyo inaitwaje."

Mwaka uliofuata mkuu alimpa darasa la wanaorudia, chumba cha mwisho karibu na vyoo. Ilikuwa adhabu, ila ilisemwa kwa lugha ya kazi. Kwanini alikuwemo, dawati la mbele. Bado alimsalimu mwalimu wake kwa tabasamu, na tabasamu hilo lilimchoma Mama Barafu kuliko ambavyo matusi yangemchoma.

Mwanzoni alijaribu kuwapa yote mawili. Aliwaambia kuna jibu la mtihani, na kuna namna mambo yalivyo. La kwanza mliandike, la pili mlihifadhi. Watoto waliitikia kwamba wameelewa. Katika jaribio la katikati ya muhula, nusu yao wakachanganya. Kwanini ndiye aliyechanganya kwa ufasaha kuliko wote: aliandika kwamba theluji huonekana kuanguka kila siku, ila kwa kweli ni theluji kuukuu, na kwamba wanaosema kuna unyevu mwingi hawajafika. Msahihishaji wa nje akampa sifuri nyingine. Mkuu alimwita Mama Barafu, akamwonesha karatasi ile, na hakupaza sauti hata kidogo. "Mtoto huyu ana nafasi moja tu iliyobaki," alisema. "Chagua unampenda yeye au unaipenda barafu yako."

Kwa hiyo akachagua. Asubuhi moja aliingia darasani bila ramani wala tufe, ana chaki tu.

"Swali la saba," alisema. "Andikeni. Bara la ncha ya kusini lina baridi kali. Nukta. Theluji nyingi huanguka mwaka mzima. Nukta. Hewa yake ina unyevu mwingi. Nukta."

Kalamu zikaenda. Ya Kwanini ilisimama kwenye unyevu.

"Mwalimu, na lile jibu letu?"

"Lilikuwa na makosa."

"Lote?"

"Lote, mwanangu. Hakuna jangwa. Lifute kabisa kichwani. Safari hii lazima upite."

Kwanini aliinama, akaandika sentensi zote tatu kwa mwandiko wake wa kujaza ukurasa, akazipigia mstari kwa rula. Kisha akainua uso. Hakuwa na hasira wala dharau, angekuwa nazo ingekuwa nafuu. Alikuwa anataka tu kupanga mambo yake vizuri kichwani, kama alivyozoea.

"Usikasirike, mwalimu," alisema kwa adabu. "Kwani kule ulifika kweli?"

Vichwa vyote viliinuka. Mama Barafu aliona kwamba wote walikuwa wanalisubiri jibu hilo, hata wale wa kulala. Akisema nilifika, mtoto atauliza mara moja jangwa limekwenda wapi, naye hatakuwa na pa kulificha, na mtihani uko karibu. Alimtazama yule msichana, ambaye sasa alitaka afaulu kuliko alivyotaka kuaminiwa naye.

"Tuendelee," alisema. "Swali la nane."

Kwanini akasema sawa, mwalimu, akafungua ukurasa mpya.